Hivi mchezo wa farasi hausikiki mpaka farasi apigwe au afe?

#1 Mtoto wa Kigogo
Wakuu, salama?
Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Olimpiki ya Paris. Mimi si mtu wa farasi. Farasi niliyewahi kumgusa ni mmoja tu, wa kukodishwa watalii ufukweni, na alinipigia chafya usoni. Ila michezo naifuatilia yote, hata ile ya kusukuma mawe kwenye barafu.

Juzi nikahesabu habari za farasi ninazozikumbuka za miaka ya karibuni. Tokyo: Mjerumani analia juu ya farasi aliyegoma, kocha anampiga farasi ngumi, halafu farasi huyohuyo akachomwa sindano ya kufa. Ireland: mkufunzi kapigwa picha amemkalia farasi mfu huku anaongea na simu. Uingereza: waandamanaji waliingia uwanjani Aintree mbio zikachelewa. Paris: mpandaji Muingereza Charlotte Dujardin na video ya mjeledi, kafungiwa maisha.

Hakuna hata moja ya "fulani kashinda". Nani alichukua dhahabu ya kuruka viunzi Paris? Sijui, na naapa humu ndani hayupo anayejua bila kugugo.

Swali langu: wenye mchezo hawajui kuongea na watu, au waandishi ndio wanaosubiri damu? Karibuni.

#2 Tikiti Maji
Punda afe mzigo ufike. Farasi afe medali ifike. Mods fungeni uzi.

#3 Bi Chuma
Mleta uzi umechanganya mafaili. Farasi wa Mjerumani hakufa. Yule ni Saint Boy, na tukio lilikuwa la pentathloni ya kisasa (mtu mmoja anashindana michezo mitano, farasi ni mmojawapo), tarehe 6 Agosti 2021. Aliyekufa ni Jet Set, farasi wa Mswisi Robin Godel, siku tano nyuma, kwenye mbio za nyika za mashindano ya siku tatu. Alikatika kano ya mguu, akapumzishwa. Michezo miwili tofauti, farasi wawili tofauti.

Na Dujardin hakufungiwa maisha. Ni mwaka 1, ukihesabiwa kuanzia 23 Julai 2024, pamoja na faini ya faranga 10,000 za Uswisi.

#4 Mtoto wa Kigogo
Asante dada, nimesahihishwa. Lakini huoni kuwa umenisaidia hoja? Mimi nafuatilia michezo na bado nimemuua farasi aliye hai. Kwa nini kichwani mwangu wamekuwa mmoja?

#5 Mangi wa Kiborloni
Jibu ni jepesi, ni mchezo wa matajiri. Tajiri hajazoea kuulizwa. Mpira wa miguu unaishi kwa mashabiki, bila jukwaa hakuna kitu, kwa hiyo kocha akifungwa lazima aje mbele ya kamera ajieleze hata kama anatamani kulia. Farasi anaishi kwa mfuko wa mwenye farasi. Wewe na mimi tukisusa, kesho zizi linafunguliwa kama kawaida. Sasa atuongeleshe ili iweje?

#6 Kamau wa Rongai
Mangi, umewahi kufika Ngong Racecourse ama unaongea tu? Mimi huenda Jumapili na watoto. Kuna watu wa kila aina pale: wazee wa kubeti na kalamu masikioni, familia na chapati zao, wazungu na kofia zao. Majoki na masaisi wengi ni vijana wa mtaa. Hiyo ya matajiri ni picha ya magazeti.

#7 Kalamu Kavu
Kamau, hiyo picha ya magazeti nimeipiga mimi, kwa hiyo ngoja nikiri.

Miaka hiyo nilikuwa mwandishi chipukizi, gazeti silitaji. Nilitumwa Ngong siku ya mbio kubwa, na maagizo ya mhariri yalikuwa maneno mawili: "Lete kofia." Mimi nikasema hapana, nitaandika mchezo. Nikapewa karatasi ya mbio. Imejaa tarakimu na vifupisho, hakuna hata mstari mmoja unaomwambia mgeni aanzie wapi. Nikamfuata bwana mmoja mwenye darubini, nikamuuliza kwa nini yule farasi aliyeshinda mara nyingi ndiye anabebeshwa uzito mkubwa kuliko wote. Si mnamwonea? Wakacheka meza nzima. Hakuna aliyejibu. Nikaja kuelewa baadaye sana kuwa ndiyo mantiki ya hendikapu yenyewe, mwenye nguvu anaongezwa uzito ili wote wakaribiane na mbio zinoge. Dakika moja tu ya maelezo ingenitosha.

Nikarudi ofisini na kofia. Ukurasa mzima, rangi tupu.

Kwa hiyo Mangi na Kamau wote mna haki, na wote mmekosea. Hawakunifukuza. Walinicheka tu. Mwandishi akishachekwa kwa swali la kijinga harudi kuuliza la maana.

#8 Tikiti Maji
"Nikarudi na kofia" 😂😂 mkuu hii niandikiwe kaburini.

#9 Saisi Mstaafu
Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo nichangie.

Nimekuwa saisi miaka kumi na moja, zizi la watu, siwezi kusema wapi. Kwa wasiojua, saisi ndiye anayelala na kuamka na farasi. Anasafisha kwato, anapima maji, anajua huyu leo hakumaliza chakula. Mwenye farasi anakuja Jumamosi.

Siku ya kwanza kazini nilifundishwa mambo matatu. Usisimame nyuma ya farasi. Usifunge kamba ya kichwa kwa fundo la kudumu. Mtu mwenye kamera akija, mwite msimamizi, wewe huna mdomo. Hilo la tatu ndilo walilolirudia.

Kuna asubuhi farasi alivunjika mguu kwenye mazoezi. Si mashindano, mazoezi tu, shimo la fuko. Daktari akaja, akamaliza kazi yake, mimi ndiye niliyeshika kichwa. Hakuna aliyefanya kosa. Hakupigwa, hakulazimishwa, hakulishwa dawa. Bado tukaambiwa tukiulizwa tuseme kauzwa.

Mimi mpaka leo sijaelewa kwa nini. Ukweli wenyewe haukuwa na aibu yoyote.

#10 Mtoto wa Kigogo
Daah. Pole sana mkuu. Farasi mwenyewe aliitwaje?

#11 Dakitari wa Ng'ombe
Saisi nakuelewa. Mimi ni daktari wa mifugo, farasi nimewatibu wachache, ila niongeze jambo ambalo watu hulielewa vibaya kila mwaka: yale mapazia.

Farasi akianguka kwenye mashindano utaona watu wanakimbia na mapazia makubwa wanamzungushia, na kamera ya runinga inageukia kwingine. Nyumbani watu wote wanasema tayari, wanamuua, wanaficha. Mara nyingi sivyo. Farasi ni mnyama wa kukimbia hatari. Akiwa chini ana maumivu, akaona watu elfu arobaini wanapiga kelele, atajaribu kuinuka kwa mguu ambao haupo sawa, amuumize na daktari. Pazia linampa utulivu, na wapo wanaoinuka nyuma ya pazia wakatembea wenyewe hadi kwenye gari.

Tatizo ni kwamba hakuna anayelisema hilo wakati pazia linapandishwa. Mtangazaji anashusha sauti kama yuko msibani, anasema "tutawaletea taarifa", halafu wanaonyesha marudio ya mshindi. Wangesema tu: pale wapo madaktari wawili, wanapima mguu, pazia ni la kumtuliza. Sentensi tatu.

#12 Mangi wa Kiborloni
Daktari, pazia ni la farasi au la mdhamini? Kuwa mkweli.

#13 Dakitari wa Ng'ombe
La wote wawili, Mangi. Sitakataa.

#14 Hamburg Baridi
Naandika kutoka Ujerumani, huku farasi ni mambo ya nyumbani, wasichana wa jirani zangu wote wanapanda. Aachen kila kiangazi uwanja unajaa na runinga ya taifa inaonyesha moja kwa moja. Kwa hiyo hoja kuwa mchezo huu haujui watu si kweli kila mahali.

Lakini ile siku ya Tokyo niliiona yote. Annika Schleu alikuwa anaongoza. Kwenye pentathloni humpandi farasi wako, unapewa kwa kura, mnajuana dakika 20 tu. Saint Boy alikuwa ameshagoma na mpandaji aliyetangulia. Akagoma tena. Dada analia, na kipaza sauti cha uwanjani kikanasa sauti ya kocha Kim Raisner akimwambia ampige kweli kweli. Halafu kocha mwenyewe akampiga farasi ngumi juu ya uzio. Akaondolewa mashindanoni.

Kilichonishangaza ni siku zilizofuata. Watu wa pentathloni wanasema kanuni zilifuatwa. Watu wa farasi wanasema hao si wenzetu. Schleu anatukanwa mtandaoni kana kwamba yeye ndiye aliyeandika kanuni. Hakuna aliyejitokeza kusema wazi: huu utaratibu wa kura ya farasi na dakika 20 ni mbovu.

#15 Bi Chuma
Na kweli hawakuwa wenzao, tuwe wa haki. Pentathloni iko chini ya shirikisho lake, UIPM. Mchezo wa farasi uko chini ya FEI, shirikisho la tangu 1921, makao Lausanne. Hawahusiani. Ila nenda mtaani ukamweleze mtu hilo. Yeye kaona farasi, kaona suruali nyeupe, kaona ngumi.

Mwisho wake: UIPM wakaamua kuutoa upandaji farasi kabisa, wakaweka mbio za vikwazo, zile za kuning'inia kwenye vyuma. Paris ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Los Angeles 2028 hakuna farasi kwenye pentathloni. Mchezo uliokuwepo tangu Stockholm 1912, umeondolewa na klipu ya dakika chache.

#16 Chapa Kazi 77
Haukuondolewa na klipu Bi Chuma, uliondolewa na farasi kugoma. Klipu ilionyesha tu. Tusianze kulaumu kamera.

#17 Bi Chuma
Nakubali, hapo umenishika. Nilisema ovyo.

#18 Yakhe wa Matrah
Assalaam aleikum jamaa. Mie niko Maskati, wazee wangu wa Unguja. Hapa Ghuba farasi na ngamia ni heshima ya mtu, na haya mnayosema tumeyapitia.

Mnakumbuka watoto waliokuwa wanapandishwa ngamia wa mbio? Wadogo, wepesi, wengine wametolewa nchi za mbali. Kelele za dunia zikawa kubwa, nchi zikakataa kwanza, zikasema ni uzushi. Halafu Imarati mwaka 2005 wakapiga marufuku chini ya miaka 18, na Qatar wakaleta roboti. Sasa ngamia anakimbia na kiroboti mgongoni, mwenyewe yuko ndani ya gari pembeni anaendesha huku akimpigia kelele ngamia kwa redio. Watalii wanakuja kupiga picha roboti! Aibu imegeuka kivutio.

Kwa farasi mambo yalikwenda vingine. Mbio ndefu, zile za kilomita 160 jangwani, zilichafuka kwa farasi kuvunjika. FEI wakaisimamisha Imarati Machi 2015, na mashindano ya dunia ya 2016 yakaondolewa Dubai yakapelekwa Slovakia. Hapa kwetu magazeti yaliandika mistari miwili mitatu. Habari kamili tuliisoma kwa wageni. Watu wa mitaani wakajua kuwa Wazungu wanatuonea, basi. Hakuna mtu wa mchezo aliyekuja kwenye redio kwa Kiarabu akaeleza: farasi akifika kituo lazima mapigo ya moyo yashuke hadi 64 kwa dakika, yasiposhuka anatolewa, na sisi tulifanya hivi na hivi. Kingeeleweka.

#19 Mangi wa Kiborloni
Yakhe, kwa hiyo wewe unasema dawa ni kueleza. Mimi nasema dawa ni kuacha. Ngamia hawakuokolewa na msemaji, watoto walitolewa mgongoni. Ndiyo maana kelele zikaisha.

#20 Yakhe wa Matrah
Sasa hapo umenena. Lakini yakhe, farasi utamtoa mgongoni mwa nani?

#21 Tikiti Maji
Roboti ampande roboti, sisi tubeti.

#22 Mpwani Asilia
Niwapeleke Lamu kidogo. Huku gari ni la kuhesabu, kila kitu ni punda, na sikukuu zikifika kuna mbio za punda pale ufukoni, vijana wanapanda bila tandiko, mji mzima umejipanga. Ukitaka kujua mchezo unaoongea na watu, ndio huo. Hakuna msemaji wala taarifa kwa vyombo vya habari. Joki akimpiga punda kupita kiasi bibi yake yuko jukwaani, jioni atasikia.

Tena kuna zahanati ya punda ya shirika la Waingereza, na huwa na shindano la punda aliyetunzwa vizuri. Si aliyekimbia sana. Aliyenona, asiye na kidonda mgongoni, kwato safi. Mwenye punda anajigamba mwaka mzima. Nimeona watu wazima wakinyoosha punda manyoya kwa kitana, punda ambaye wiki iliyopita alikuwa anabeba matofali ya matumbawe.

#23 Yakhe wa Matrah
Wallahi hata mbio ndefu zina zawadi kama hiyo! Farasi aliye katika hali bora baada ya safari. Wengi wa wapanda wanaithamini kuliko kuwa wa kwanza. Umewahi kuiona gazetini? Mie sijaiona hata siku moja. Picha ni ya anayekata utepe tu.

#24 Kalamu Kavu
Hapo mmegusa penyewe. Nikiwa mhariri (sasa ni mhariri, Mungu ana mzaha) hiyo habari ya farasi aliyetunzwa bora naiweka ukurasa wa michezo kesho, nikiletewa. Hailetwi. Kinacholetwa ni matokeo yenye majina kumi ya farasi na wadhamini saba. Na kashfa hailetwi pia, inavuja.

#25 Chapa Kazi 77
Ila mhariri na wewe usijitoe. Mnakuja kila baada ya miaka minne. Ukiwa mgeni wa mara moja kwa miaka minne utaona nini? Utaona vituko.

#26 Kalamu Kavu
Kubali yaishe.

#27 Binti Tandiko
Mimi napanda, nimejifunza ukubwani, mniruhusu nitetee.

Mnasema hatuelezi. Tukieleza mnasema tunajitetea. Mwaka 2024 wenye mbio za Uingereza walianzisha kampeni yao ya HorsePWR, wakaeleza maisha ya farasi na hata habari za vifo hawakuzificha. Kwenye Grand National, zile mbio zao kubwa za Aintree, wakapunguza farasi kutoka 40 hadi 34. Majibu ya watu? "Wamepunguza kwa sababu wanajua wana hatia." Ukinyamaza unaficha, ukisema una hatia.

Na mtu ambaye hajawahi kushika hatamu anaona farasi akitingisha mkia anasema anateswa. Farasi ana lugha yake, masikio, pua, mkia. Huwezi kuisoma kwenye klipu ya sekunde 8.

#28 Bi Chuma
Binti nakuheshimu, lakini hoja ya "hamjui lugha ya farasi" ndiyo iliyowafikisha hapa. Nitakupa mfano.

Oktoba 2009, Odense, Denmark. Uwanja wa kupasha, si wa mashindano. Patrik Kittel wa Sweden na farasi wake Watermill Scandic. Shingo imekunjwa kidevu kinagusa kifua, na kwenye video ulimi umetoka nje una rangi ya buluu. Walioirekodi hawakuwa waandishi wageni wa kila miaka minne, walikuwa watu wa farasi wenyewe, na video ikazunguka dunia.

Februari 2010 FEI wakakaa kikao Lausanne. Wakatoka na nini? Maneno. Kukunja shingo kwa nguvu kunaitwa rolkur, hakukubaliki. Kukunja shingo bila nguvu kuna jina jingine, kunakubalika. Sasa mimi niliyeko nyumbani nitapimaje nguvu ya mkono wa mtu kwenye picha? Walibatiza tu. Paris, miaka 14 mbele, Mbrazil akapewa onyo kwa kumkunja farasi shingo baada ya picha kusambaa. Picha zilizopigwa na nani? Wanaharakati.

#29 Binti Tandiko
Waamuzi wa uwanja wa kupasha wapo siku hizi na walimpa onyo. Kwa hiyo mfumo ulifanya kazi.

#30 Bi Chuma
Ulifanya kazi baada ya picha.

#31 Mangi wa Kiborloni
🔥🔥 Bi Chuma usimwache.

#32 Hamburg Baridi
Tusisahau wapo waliofanya vizuri. Rio 2016, Adelinde Cornelissen wa Uholanzi. Farasi wake Parzival aliumwa siku moja kabla, uso ukavimba. Akapona kiasi akaingia naye uwanjani, dakika chache akahisi hayuko sawa, akasalimia waamuzi akatoka. Olimpiki imekwisha hapo. Kisha akaandika mwenyewe mtandaoni akaeleza saa kwa saa, homa, daktari, alivyolala zizini. Dunia ikampenda.

#33 Chapa Kazi 77
Si dunia nzima mkuu. Kuna watu wa farasi waliohoji kwa nini aliingia uwanjani kabisa kama jana yake alikuwa na homa. Nakumbuka mabishano.

#34 Hamburg Baridi
Kweli yalikuwepo. Lakini waliobishana walikuwa na cha kubishania, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewapa saa na nyuzijoto.

#35 Tikiti Maji
Nyie wote mnaumiza vichwa. Aliyeutangaza mchezo huu kuliko shirikisho lolote ni Snoop Dogg. Tokyo yeye na Kevin Hart waliangalia dresaji, ule mchezo wa farasi kupiga hatua za madaha, wakasema farasi anacheza kama kijana wa mtaani. Hiyohiyo Tokyo Mmarekani Steffen Peters akampanda Suppenkasper kwa muziki wa disko, watoto wa TikTok wakapagawa. Paris Snoop akaja Versailles na Martha Stewart, kavaa koti la mpandaji mpaka kofia. Mimi dresaji nilikuwa nadhani ni aina ya kachumbari. Siku hiyo niliangalia saa nzima.

Mpeni Snoop ofisi Lausanne, nimemaliza.

#36 Binti Tandiko
Hapo kwa mara ya kwanza nakubaliana na Tikiti Maji 😂 Zizini kwetu wiki ile tulipata watoto wapya wanataka "farasi anayecheza".

#37 Mangi wa Kiborloni
Na wiki ya kabla yake ilikuwa Dujardin. Snoop aliwaokoa.

#38 Bi Chuma
Dujardin mwenyewe ni somo. Medali 6 za Olimpiki, akipata moja zaidi anakuwa mwanamke Muingereza mwenye medali nyingi kuliko wote. Tarehe 23 Julai, siku tatu kabla ya ufunguzi, anatangaza mwenyewe kuwa amejitoa, kuna video, anaona aibu, ilikuwa miaka minne nyuma. Siku hiyohiyo FEI wakamsimamisha. Siku ya pili runinga inaonyesha video: yuko chini kashika mjeledi mrefu, anampiga farasi wa mwanafunzi miguuni, watu wakahesabu mara 24.

Alisema kabla haijaonekana, ambalo wenzake wengi hawalifanyi. Ila alisema "kosa la kuchanganua hali", kitu kama hicho. Halafu watu wakaona 24. Maneno na picha havikulingana uzito.

#39 Kalamu Kavu
Sawa na yule wa Ireland, Gordon Elliott, 2021. Watu walianza kusema picha imetengenezwa. Kisha akakiri ni ya kweli, akaeleza kuwa simu ilimpigia akakaa bila kufikiri. Nahisi alikuwa anasema kweli tupu. Na ukweli huo ndio uliomwumiza zaidi, kwamba mtu anaweza kumkalia farasi mfu bila kufikiri. Akafungiwa mwaka, nusu yake ikiwa ya masharti.

#40 Dakitari wa Ng'ombe
FEI nao waliunda tume ya maadili na ustawi wa farasi 2022, mwenyekiti profesa Natalie Waran. Waliuliza watu wa kawaida nchi mbalimbali, na kama theluthi mbili walisema wana wasiwasi na farasi wa michezo. Nilichokipenda, hawakuwaambia wapandaji "waelimisheni hao". Waliwaambia wabadilike.

#41 Mangi wa Kiborloni
Na wakibadilika tutajuaje, kama saisi hana mdomo?

#42 Kamau wa Rongai
Hapo sasa. Denmark 2023, runinga ya TV 2 ilimweka mwandishi ndani ya zizi moja kubwa la dresaji kama mfanyakazi, na kamera ya kufichwa. Yaani ili saisi asikike ilibidi mwandishi awe saisi.

#43 Chapa Kazi 77
Kabla hatujaenda mbali: dhahabu ya kuruka viunzi Paris ni Christian Kukuk, Mjerumani, farasi Checker. Sikugugo.

#44 Hamburg Baridi
Checker 47. Umegugo nusu.

#45 Mtoto wa Kigogo
😂 Haya nimekubali, yupo mmoja.
Saisi Mstaafu kapotea? Nilimwuliza jina la farasi.

#46 Saisi Mstaafu
Nipo, nilikuwa shamba.

Kwenye vitabu alikuwa na jina refu la Kizungu, silikumbuki vizuri. Sisi tulimwita Karanga, kwa rangi. Alikuwa na tabia ya kuvuta kofia za watu.

Kulikuwa na mtoto wa jirani, msichana wa miaka saba hivi, Jumapili alikuwa anamletea maganda ya viazi. Jumapili ile akaja na mfuko wake. Nikamwambia kauzwa, kaenda Naivasha. Akauliza Naivasha kuna viazi? Nikamwambia vipo. Akaniachia mfuko nimpelekee.

#47 Mpwani Asilia
Dah.

#48 Juma Ndala
Nimefungua uzi sasa hivi sijasoma kurasa za nyuma. Kwani Snoop Dogg ana farasi?